Unyayo wa Kuku Mgongoni mwa Kidonge

Kabla hajakusalimia, Bibi Kinyaa hutazama kwanza kucha zako. Mkono hakupi. Hukupa kifundo cha mkono, nawe ukishike upendavyo. Mlango huufungua kwa kiwiko. Kikombe chake cha chai hukaa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya droo, na ufunguo wa droo anao yeye. Jina hilo alipewa na wanaume wa tanuru katika kiwanda cha sufuria anakofanya kazi, na hajawahi kulikataa.

"Huyo ukimpa sabuni," husema mkuu wa tanuru, mtu mnene anayeitwa Moshi, "ataiosha kwanza."

Wasiomjua hudhani ni maringo, kumbe ni kazi. Kazi yake ni kuchukua kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole gumba na kukilainisha mpaka hadubini iweze kuona kilivyo ndani. Kipande hukatwa kwa msumeno wa polepole, huku maji yakimwagika, maana joto hubadili chuma. Kisha humiminiwa gundi inayoganda ikawa mviringo mgumu, kama dawa ya kikohozi. Kwa hiyo katika chumba kile huitwa kidonge. Kidonge husuguliwa juu ya sahani inayozunguka, kwanza kwa msasa mkali, halafu kwa msasa laini, halafu kwa ulio laini zaidi. Kila anapobadili msasa hukigeuza, mikwaruzo mipya iikate ya zamani, na haendi mbele mpaka ya zamani iishe yote. Mwisho huja kitambaa cha mahameli kilichopakwa vumbi la almasi.

Hapo ndipo kinyaa kinapokuwa sheria. Punje moja ya msasa mkali, ikijificha chini ya ukucha na kufika kwenye mahameli, huharibu kitambaa hicho na kila kidonge kitakachokipitia. Punje yenyewe haionekani. Utaijua kwa mikwaruzo, na wakati huo kazi ya asubuhi nzima imeshaharibika.

Sahani zile hutema uji wa kijivu, mchanganyiko wa chuma, mchanga na gundi. Ni mzito kama makohozi, na unanuka kama sarafu iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Huteremka kwenye sinki na kuganda kooni mwa bomba. Bibi Kinyaa huukwangua kila siku kwa mswaki wa zamani, uso umekunjwa, pumzi amezibana. Amefanya hivyo tangu alipotoka chuoni na hajauzoea. Anasema atakayeuzoea aache kazi.

Aliyemfundisha haya ni mkuu wa chumba cha vipimo. Kiwanda kizima humwita Mwalimu, kwa sababu kabla ya kuja pale alifundisha chuo alichosoma Bibi Kinyaa, na ni yeye aliyemwita kazini. Mzee mrefu, koti jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Ni yeye aliyemfundisha kunawa mpaka kwenye viwiko. Ni yeye aliyefunga mpini mrefu kwenye bomba ili lisiguswe kwa vidole. Alikuwa na mahameli yake mwenyewe, aliyoitunza ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana, na hakuna aliyeruhusiwa hata kulisogeza kopo hilo. Kiwandani kote, ni mtu huyo mmoja tu ambaye Bibi Kinyaa alimpa mkono mzima, kiganja kwa kiganja.

Mwalimu alimfundisha pia kwamba chuma laini hudanganya. Aluminiamu ya sufuria, ukiikandamiza kwenye kitambaa, hutandaa. Ngozi nyembamba ya chuma husukumwa juu ya matundu na kuyaziba, kama fundi mwashi mvivu anavyopaka chokaa juu ya ufa. Uso hung'aa mpaka ukajiona nyusi ndani yake. Ukiuweka chini ya hadubini utaona uwanda mtupu, hauna doa. Huo waliuita mng'aro wa kwanza. Kuuondoa, unafuta uso kwa pamba yenye dawa inayokula ile ngozi, unang'arisha tena kwa mkono mwepesi, unafuta tena, mpaka uso uache kubadilika. Matokeo yake hayapendezi kwa macho matupu, lakini ndiyo ya kweli.

"Mng'aro wa kwanza mpelekee mchumba," Mwalimu alizoea kusema. "Hadubini haiolewi."

Chumba kilikuwa na desturi mbili zisizovunjwa. Anayeng'arisha siye anayetazama, ili mtu asione anachotamani kuona. Na anayeng'arisha huchora alama yake kwa sindano mgongoni mwa kidonge, ili kijulikane kimetoka mkononi mwa nani. Alama ya Bibi Kinyaa ni mistari mitatu inayokutana chini, kama unyayo wa kuku.

Kiwanda kilipoanza kutengeneza sufuria za presha, vifuniko vyake ndivyo vilivyoletwa chumbani. Kifuniko cha namna hiyo kina meno pembeni yanayouma ukingo wa sufuria. Mvuke unasukuma juu, meno yanashikilia chini. Jino likikatika, kifuniko huruka, na mara nyingi aliye karibu huwa ameinama kusikiliza kama maji bado yapo.

Bibi Kinyaa alikata meno, akayaandaa, akampelekea Mwalimu. Mwalimu aliinama kwenye hadubini akakaa muda mrefu. Shina la jino lilikuwa kama mkate ulioumuka, matundu juu ya matundu. Sababu ilijulikana na kila mtu: chuma chakavu kilitupwa tanuruni kikiwa kimelowa, kina grisi na rangi, na hewa yake ikanaswa ndani.

"Rudia," alisema.

Akarudia, kwa vifuniko vingine. Mwalimu akatazama tena, kisha akainuka, akakunja mikono ya koti, akaketi mwenyewe mbele ya sahani.

Mkono wake haukuwa umepoteza kitu. Alivikandamiza vidonge kwenye mahameli kwa uzito wa bega zima, kwa namna aliyowakataza wanafunzi wake wote, na vikatoka vinang'aa kama macho ya samaki aliyevuliwa sasa hivi. Chupa ya dawa hakuigusa. Akavipanga ndani ya kisanduku chenye pamba na kukisogeza mezani.

"Weka alama yako, binti."

"Hivi havijapigwa dawa, Mwalimu."

"Najua."

"Ni mng'aro wa kwanza."

"Neno hilo nani alikufundisha?" Alikuwa anatabasamu. "Mkaguzi wa mnunuzi anakuja. Atatazama, atakunywa chai, ataondoka. Alama yangu haiwezi kukaa hapo, maana mimi ndiye mtazamaji. Yako anaijua, anaiamini."

"Matundu yapo."

"Kila kiumbe kina matundu. Hata wewe unayo." Akacheka peke yake. "Vifuniko vimejaa stoo mpaka darini. Unataka viyeyushwe vyote?"

"Ndiyo."

"Basi teremka tanuruni ukawaambie wewe mwenyewe, hao wanaokuita Bibi Kinyaa. Mimi mdomo huo sina."

Hakuteremka. Wala hakuchora. Alisema sindano yake imekatika ncha. Uongo huo mdogo ulimwachia mdomoni ladha ya uji wa sinki.

Kilichofuata hakukitarajia. Alianza kumwona Mwalimu. Siku zote walikula meza moja kwenye kantini, na siku zote alimwona mzee nadhifu. Sasa aliona ulimi ukipita juu ya meno baada ya kila tonge. Aliona punje ya chakula imekwama kwenye masharubu, ikipanda na kushuka anapozungumza. Ukucha wa kidole chake cha mwisho ulikuwa mrefu kuliko mingine, na chini yake palikuwa na mstari wa kijivu. Ulikuwa ukijivu wa msasa mkali. Mtu aliyemfundisha kunawa alikuwa anakula na uji wa sinki ukuchani.

Akaisukuma sahani yake.

"Dada, umekuta nzi?" Moshi alimuuliza kutoka meza ya pili.

"Nzi angekuwa nafuu."

"Lete basi mimi nile. Sisi wa tanuru tumbo letu limeshaungua, halichagui."

Nyumbani Bibi Kinyaa anaishi na mumewe, fundi redio asiyeongea sana, na wifi yake, dada mkubwa wa mume, mjane. Wifi ndiye anayepika. Yeye mwenyewe jikoni alishazuiwa, kwa sababu huosha mboga mpaka zinapoteza rangi. Kila mfanyakazi kiwandani alikuwa amepewa sufuria ya presha kutoka toleo la kwanza, na wifi aliipenda hiyo sufuria kuliko ndugu zake wengine. Aliifuta kila baada ya kupika. Aliitandikia kitambaa.

Jioni ile Bibi Kinyaa aliingia akaikuta jikoni inafoka. Wifi alikuwa ameiinamia, sikio karibu na kifuniko, macho yamefumbwa kama mtu anayesikiliza habari njema.

"Wifi, zima."

"Hayajaiva. Ikipiga mluzi mara nyingine natoa."

"Zima, nimesema. Na usogee."

Wifi akazima, akajishika kiuno. "Haya, leo ni zamu ya maharage. Juzi ulikionea kinyaa kitana changu, jana ndala zangu. Ninyi mnaosomea uchafu mna kazi. Kesho utanionea kinyaa mimi, unikwangue kwa mswaki."

"Nakihitaji kifuniko."

"Ukifanyie nini?"

"Nikikate."

Wifi alimtazama mdogo wake, ambaye alitazama redio. "Unasikia? Mkeo anakata kifuniko. Mimi nifunike kwa nini, kwa kanga?"

"Funika kwa sahani."

"Presha kwa sahani! Haya. Na kama kiko kizima?"

"Nitakununulia kingine."

"Na kama kibovu?"

Bibi Kinyaa alikuwa anakifunga kifuniko ndani ya mifuko miwili. "Mchuma janga hula na wa kwao, wifi. Nawe sasa hivi ulikuwa karibu kulila fungu langu la janga."

Siku iliyofuata alikipasua kwa msumeno. Alichukua shina la jino moja, akalimiminia gundi, akalisugua kwa misasa yote kwa mpangilio, akinawa mpaka kwenye viwiko kila alipobadili. Alilifuta kwa dawa, akaling'arisha kwa mkono mwepesi, akalifuta tena, akarudia na kurudia mpaka uso ukaacha kubadilika. Ulibaki na weupe wa mvi, hauna urembo. Mgongoni akachora unyayo wa kuku.

Hakukitazama. Hadubini ilikuwa hatua chache tu kutoka sinki, na Mwalimu hakuwepo. Lakini anayeng'arisha siye anayetazama. Alikitia kidonge ndani ya mfuko wa kikombe chake, akafunga droo. Kwa hiyo mpaka mkaguzi anafika, hakujua kama alikuwa amehifadhi ushahidi au alikuwa amekata bure kifuniko cha wifi yake.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kabla ya kuweka jicho kwenye hadubini alitoa leso yake mwenyewe na kufuta pa kuweka jicho. Bibi Kinyaa, aliyekuwa kwenye sinki anakwangua, alimpenda kwa hilo tu.

Mwalimu alifungua kisanduku kama muuza vito. Mkaguzi akachukua kidonge cha kwanza, akakigeuza kuangalia mgongo, akaridhika, akakiweka chini ya lenzi.

Bibi Kinyaa aliona ule mgongo. Unyayo wa kuku ulikuwepo.

Haukuwa wake. Mistari ilikuwa mirefu, imechimbwa kwa haraka, na vumbi la gundi bado lilikuwa limekaa ndani ya mifereji. Yeye hupuliza vumbi hilo, kisha huosha kwa spiriti. Hakuna kidonge kilichowahi kutoka mkononi mwake na vumbi. Alijisikia kama mtu aliyekuta nguo yake ya ndani imevaliwa na mtu mwingine, ikarudishwa kabatini bila kufuliwa.

"Nzuri," mkaguzi alisema. Akatazama cha pili, cha tatu. "Nzuri sana. Vilipigwa dawa?"

"Vilipigwa, vikarudiwa," Mwalimu alijibu.

"Alivirudia nani?"

"Binti yangu huyu. Mkono mwepesi, hana mfano. Alama yake hiyo."

Mkaguzi aligeuza kiti. "Hii ni yako?"

Sahani ilikuwa bado inazunguka bila mzigo. Mwalimu alimtazama mwanafunzi wake bila kitisho chochote. Tabasamu lilikuwa lile la siku zote, la mzazi anayesubiri mtoto asalimie wageni. Angemkazia macho, huenda Bibi Kinyaa angeogopa.

"Alama ni yangu," alisema Bibi Kinyaa. "Mkono si wangu."

"Amechoka," Mwalimu alimwambia mkaguzi kwa upole. "Ana tatizo la kinyaa, masikini, kiwanda kizima kinajua. Anaona uchafu hata pasipo na uchafu. Mimi humvumilia kama mwanangu."

Bibi Kinyaa alizima sahani. Alinawa, alikausha mikono, akafungua droo, akatoa kikombe, na kutoka chini ya kikombe akatoa kidonge.

"Hiki ni cha kifuniko cha nyumbani kwangu. Ni toleo la kwanza la vilivyoko stoo. Nimekipiga dawa mpaka kikaacha kubadilika. Sijakitazama. Kutazama si kazi yangu."

Mkaguzi alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya unyayo, akakiweka chini ya lenzi. Alikisogeza kidogo kidogo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hakuinua kichwa alipouliza.

"Kifuniko hiki anakipikia nani?"

"Wifi yangu."

"Bado?"

"Nimekikata."

"Afadhali."

Akaomba pamba na chupa ya dawa. Alichukua kidonge kimojawapo cha kisanduku, kile kilichong'aa kuliko vyote, akakifuta mwenyewe, polepole. Mng'aro ukafifia mbele ya macho yao kama uso wa mgonjwa. Akakiosha, akakikausha, akatazama. Kisha akasogea pembeni na kumwachia Mwalimu kiti.

"Karibu, mzee. Kutazama ni kazi yako."

Mwalimu aliketi. Alirekebisha lenzi kwa kidole kile chenye ukucha mrefu. Chumba kizima kilisubiri, yaani watu wawili na sinki. Alitazama kwa utulivu wote wa miaka yake, kisha akainuka na kufunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka.

"Kimeandaliwa vizuri," alisema.

Vifuniko vilitolewa stoo na kurudishwa tanuruni, na zamu za ziada za wanaume wa Moshi zikafutwa pamoja navyo. Wafanyakazi waliambiwa warudishe vile walivyopewa. Wengine walirudisha, wengine walisema wake zao wamekataa. Hakuna aliyempongeza Bibi Kinyaa. Kwenye kijia cha kutoka kantini alianza kukuta mate, mabichi, yametemwa pale anapokanyaga. Aliosha viatu vyake kila siku, soli kwa soli.

"Umemwaga mtama kwenye kuku wengi, dada," Moshi alimwambia, safari hii bila kucheka.

"Ulikuwa umeoza."

"Tungeupepeta wenyewe. Nyumbani kwako ungetuita, tungeongea."

"Wewe chako umerudisha?"

Moshi alikuna shingo. "Nilikirudisha siku ile ile," alisema, akaenda zake.

Wifi alipoelezwa alikitoa kile kitambaa alichoitandikia sufuria, akakikunja. Kisha alisema kwamba sasa sufuria ile ataitumia kulowekea nguo, na kwamba sahani, kwa kweli, haifuniki presha. Siku chache baadaye alionekana akiosha mikono kabla ya kumshika wifi yake bega. Alisema ni kwa sababu alikuwa ametoka kukata vitunguu.

Mwalimu aliambiwa apumzike. Hakukuwa na kelele. Siku ya kuchukua vitu vyake aliingia chumbani akiwa amevaa koti lile lile, limefungwa mpaka shingoni, na kopo mkononi.

"Hii sasa ni yako," alisema, akaliweka mezani. "Mahameli ya kweli. Haijawahi kuguswa na punje."

"Asante, Mwalimu."

"Najua umekasirika. Lakini mimi ndiye niliyekufundisha kuona. Hilo usilisahau."

"Sijalisahau."

Akanyoosha mkono, kiganja wazi, kama alivyozoea. Bibi Kinyaa aliutazama. Alitazama kucha, kuanzia kidole gumba hadi cha mwisho, kama anavyozitazama za kila mtu. Kisha akampa kifundo.

Mzee alikishika kifundo kile muda mfupi, kama mtu aliyepewa kitu asichojua kinashikwaje, akakiachia, akatoka. Alifungua mlango kwa vidole.

Bibi Kinyaa alifungua kopo kwa koleo. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri. Kilikuwa kizuri kweli, laini, cheusi, na katikati yake palikuwa na duara la kung'aa pale vidonge vya vifuniko vilipokandamizwa. Alikiinua kwa koleo, akakipeleka kwenye pipa la taka bila kukikaribisha mwilini, akakiachia. Kopo nalo likafuata. Koleo akaliosha.

Kisha akafungua bomba kwa kiwiko, akanawa mpaka kwenye viwiko, kama alivyofundishwa.